Mhamiaji haramu wa Kikopey ambaye hakuna aliyemuita hivyo

Wewe ukishuka Kikopey, najua umeshukia nyama choma. Gari linaegeshwa kando ya barabara kuu ya Nairobi–Nakuru, vijana wa kuita wateja wanakukimbilia, unapimiwa kilo, halafu unangoja. Sasa ukiwa bado unangoja, acha nikusimulie habari za jamaa aliyezikwa hapo karibu, mahali panapotazama Ziwa Elementaita.

Nilianza kumfuatilia baada ya ubishi mezani. Kijana aliyekuwa akitugeuzia nyama alisemekana ametoka ng'ambo ya mpaka na hana karatasi. Rafiki yangu mmoja akashikilia kwamba arudishwe kwao, kwa sababu anakubali pesa kidogo na kutuharibia bei ya kibarua sisi wenyeji. Mwingine akamuuliza ni mwenyeji gani angesimama kwenye huo moshi asubuhi hadi usiku kwa hiyo pesa. Mimi, niliyeacha chuo na nimeshafanya vibarua vya kila aina, nilikubaliana na wote wawili. Haikusaidia mtu.

Jamaa ninayekuambia aliitwa Galbraith Cole. Alizaliwa mwaka wa 1881, mtoto wa ukoo wa mabwanyenye wa Ireland. Baba yake alikuwa Earl wa Enniskillen. Alipigana vita vya Makaburu Afrika Kusini, kisha mwanzoni mwa karne ya 20 akaja huku. Hakuja kama mtu asiyejua pa kulala. Dada yake, Florence, alikuwa mke wa Lord Delamere, yule yule wa Soysambu. Ndugu yake Berkeley naye alikuja, na ukisoma vitabu vya Karen Blixen utakutana naye.

Ardhi ilipatikanaje? Mwaka wa 1904 Wamaasai waliondolewa Bonde la Ufa, sehemu za Naivasha, Nakuru na huku Elementaita, ili walowezi wapate nafasi. Cole akafuga kondoo na ng'ombe kwenye shamba lililoitwa Kekopey. Sasa unajua jina la hapo unapokulia mbavu limepita wapi.

Halafu ikaja 1911. Cole alimpiga risasi Mwafrika aliyemshuku kwa wizi wa kondoo, na mtu huyo akafa. Hakwenda kupiga ripoti. Alipofikishwa kortini hakukana kwamba alifyatua bunduki, lakini baraza la mahakama lilikuwa la Wazungu watupu, majirani na marafiki. Wakamwachilia.

Hata London iliona aibu. Kwa kuwa korti ilishamsafisha, serikali haikuweza kumfunga, kwa hivyo Gavana Girouard akatumia silaha nyingine: akamfukuza nchini. Walowezi walichemka. Kwao, mwenzao alikuwa akilinda mali yake tu, na waliona ni dhuluma kumtoa mtu kwenye shamba alilolitolea jasho. Soma hiyo tena polepole, ukikumbuka Wamaasai wa 1904.

Sasa sikiliza alichofanya. Alirudi kisiri, amejivika kama Msomali ili asitambuliwe. Yaani kwa sheria ya wakati huo, bwana mkubwa wa Kekopey alikuwa mhamiaji haramu, kamili kabisa, na kujibadilisha sura juu. Mwisho wake ukawa nini? Akina mzee wa familia waliomba, serikali ikalegea, akaruhusiwa kukaa. Mwaka wa 1917 akamwoa Lady Eleanor Balfour, mpwa wa Arthur Balfour aliyewahi kuwa Waziri Mkuu wa Uingereza. Nyumba yao, iliyojengwa 1916, leo ni hoteli ya kitalii.

Wakati yeye anasamehewa, mfanyakazi wake alikuwa akifungwa kamba. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya vita: kila mwanamume wa miaka 16 kwenda juu abebe kipande, karatasi ndani ya kikebe cha chuma kinachoning'inia shingoni. Ukitoroka mwajiri, unatafutwa kama mbuzi aliyepotea. Sheria ya 1918 nayo ikasema anayeishi kwenye shamba la mlowezi amfanyie kazi siku 180 kwa mwaka. Mshahara ukawa mdogo kwa makusudi, maana asiye na ardhi wala ruhusa ya kuondoka hana nguvu ya kubishana bei. Ndiyo maana hadi leo tunakiita kitambulisho kipande, na tunacheka.

Na ile sura ya Kisomali aliyojivika Cole ili apite? Wakenya wenye sura hiyo, waliozaliwa nayo, kwa miongo mingi walihojiwa na kamati maalumu kabla ya kupewa kitambulisho. Rais Ruto alitangaza kuondoa mahojiano hayo Februari 2025. Tangu Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011, miaka mia kamili baada ya Cole kufukuzwa, anayekaa nchini bila kibali anaweza kupigwa faini hadi Sh500,000 au kufungwa hadi miaka mitatu, ama yote mawili. Kwa mgeuza nyama, hiyo faini ni hadithi.

Sitaki umwone Cole kama shetani tu. Baridi yabisi ilimla viungo miaka mingi, macho pia yakamsumbua, na mwaka wa 1929 alijitoa uhai kabla ya kufika miaka 50. Alizikwa kwenye shamba lake, alikotaka.

Baadaye shamba likauzwa na kugawanywa kwa wakulima wadogo. Hata nyani wa hapo, waliochunguzwa na mtafiti Shirley Strum kuanzia 1972, walianza kula mahindi ya watu na mwaka wa 1984 wakahamishiwa Laikipia.

Juzi nilipita tena Kikopey. Nyama ilikuwa sawa, ila yule kijana hakuwepo. Niliyemuuliza alisema kulikuwa na msako, akanipimia kilo moja na nusu, na kwenye jiko alikuwa amesimama mwingine, mdogo zaidi, ambaye hakutaka kabisa nimuulize anatoka wapi.