Maisha ya Bibi Florence Nightingale, Mwalimu wa Wauguzi



Kila mwaka kijitabu hiki huwaletea hesabu: fedha zilizoingia na zilizotoka, wagonjwa waliosaidiwa, na ndugu waliotangulia mbele ya haki. Tunajua kwamba wako wanaozipita kurasa za hesabu upesi, wakitafuta habari zenye utamu zaidi. Mara hii tumeona vema kuandika maisha ya mwanamke mmoja aliyezitazama hesabu za wafu kwa muda mrefu kuliko wenzake, na kwa sababu ya hesabu hizo akaigeuza kazi ya kuuguza kuwa elimu inayofundishwa. Jina lake ni Florence Nightingale. Wauguzi wa Kenya, kama wenzao wa nchi nyingine, huadhimisha siku yao tarehe 12 Mei kwa kuwa ndiyo siku aliyozaliwa. Watu wengi humkumbuka kwa taa aliyotembea nayo usiku baina ya vitanda vya askari. Taa ilikuwako, wala hatuikani. Lakini kazi yake iliyo kubwa aliifanya baada ya vita, kwa kalamu na karatasi.

Alizaliwa mwaka 1820 katika mji wa Florence, nchi ya Italia, wazazi wake Waingereza walipokuwa safarini, akapewa jina la mji huo. Dada yake mkubwa, Parthenope, alizaliwa Naples, naye akaitwa kwa jina la kale la mji ule. Desturi hiyo si ngeni kwetu, ambako mtoto huitwa kwa mvua, njaa au safari aliyozaliwa nayo. Baba yao, Bwana William Nightingale, alikuwa mtu mwenye mali na mwenye elimu. Hakuwa na mtoto wa kiume, akawafundisha binti zake yeye mwenyewe: Kilatini, Kiyunani, historia na falsafa. Florence alipenda sana hesabu. Mama yake alipenda aolewe vizuri.

Mwaka 1837, akiwa na umri wa miaka 16, aliamini kwamba Mungu amemwita amtumikie. Utumishi wenyewe ungekuwa wa namna gani hakuujua kwa miaka kadhaa. Alikuwa akiwatembelea wagonjwa maskini wa vijiji vilivyo karibu na nyumba yao, akaona ya kuwa huruma peke yake haimponyi mtu. Mwenye huruma asiyejua la kutenda humwangalia mgonjwa akifa. Mwaka 1845 aliomba ruhusa aende kujifunza uuguzi katika hospitali ya Salisbury. Nyumba nzima ilitaharuki, na ruhusa hakupewa.

Tusiwahukumu wazazi hao upesi. Siku zile kazi ya hospitali ilifanywa na wanawake fukara wasiofundishwa lolote, na sifa yao kubwa mbele ya watu ilikuwa ulevi. Wodi zilijaa uchafu na harufu mbaya, na mwenye uwezo aliuguliwa nyumbani kwake. Wazee wetu waliowahi kuketi kusikiliza shauri la binti anayetaka kazi ambayo ukoo unaiona aibu watayafahamu machozi ya mama yake. Binti hakutoroka wala hakutukana mtu. Aliamka kabla ya mapambazuko akasoma ripoti za hospitali, kisha mchana akaketi sebuleni pamoja na wageni wa mama yake. Alimkataa mchumba mwenye jina na mali ambaye mwenyewe alimpenda, kwa kuwa aliona maisha ya ndoa ile yatakuwa ni yale yale ya sebuleni. Mambo yalikwenda hivyo kwa muda wa miaka kama sita, hata mwaka 1851 akakubaliwa kukaa miezi mitatu hivi Kaiserswerth, nchi ya Ujerumani, mahali ambapo wanawake wa Kikristo walifundishwa kuwahudumia wagonjwa. Mwaka 1853 alipewa usimamizi wa nyumba ndogo ya wagonjwa London, na baba yake akamkatia pauni 500 kwa mwaka ili ajitegemee. Mama hakufurahi.

Mwaka uliofuata Waingereza na Wafaransa waliungana na Waturuki kupigana na Warusi katika rasi ya Crimea. Magazeti ya London yalieleza jinsi majeruhi walivyokuwa wakifa bila ya kuangaliwa, na watu wakaghadhibika. Waziri Sidney Herbert, aliyekuwa rafiki yake, alimwomba achukue wauguzi aende. Aliondoka mwezi wa Oktoba 1854 na wanawake 38, wakafika tarehe 4 Novemba Scutari, mkabala na mji uitwao leo Istanbul, ambako kambi kubwa ya askari wa Kituruki ilikuwa imegeuzwa kuwa hospitali.

Madaktari wa jeshi hawakuwataka. Bibi Florence hakushindana nao. Aliwaamuru wanawake wake wasimguse mgonjwa hata mmoja mpaka daktari aseme, wakakaa wakishona nguo na mito. Baadhi yao walimnung'unikia kwa uchungu, maana waliwasikia watu wakiugua upande wa pili wa ukuta. Hazikupita siku nyingi majeruhi wa vita vya Inkerman wakamiminika, wakalazwa sakafuni kwa kukosa vitanda, na madaktari wenyewe wakaja kuomba msaada. Tangu hapo alianzisha jiko la vyakula vya wagonjwa, akakodi nyumba ya kufulia na kuwapa kazi wake za askari, akanunua mashuka, sabuni na burashi kwa fedha zilizochangwa Uingereza.

Pamoja na hayo yote, watu walikufa. Hapa ndipo habari yake inapokuwa nzito, na ndipo wasimulizi wengi hupapita mbio. Katika majira ya baridi vifo havikupungua baada ya yeye kufika, bali vilizidi. Mwezi wa Februari 1855 zaidi ya watu 40 walikufa katika kila 100 waliotibiwa Scutari. Wengi wao hawakufa kwa risasi bali kwa kuhara, kipindupindu na homa. Chini ya jengo lile ilipita mifereji ya maji machafu iliyoziba, hewa yake mbaya ikapanda wodini, na maji ya kunywa yalikuwa yamechafuka. Mwezi wa Machi Serikali ilituma tume ya afya. Wajumbe wake waliizibua mifereji, wakaondoa mizoga, wakatoboa nafasi za kupitisha hewa, wakapaka kuta chokaa. Kufikia Juni vifo vilishuka hata kuwa 2 hivi katika kila 100.

Yafaa pia kumtaja hapa Bibi Mary Seacole wa Jamaica, ambaye mama yake alikuwa wa asili ya Kiafrika, naye mjuzi wa dawa na mwenye mazoea ya kutibu kipindupindu. Alikwenda London kuomba apelekwe na wauguzi wa Serikali, akazungushwa kutoka ofisi hadi ofisi, asipate. Akasafiri kwa fedha zake mwenyewe, na mwaka 1855 akafungua karibu na Balaclava nyumba ya chakula na dawa, akawafuata majeruhi hata uwanjani. Kwa muda mrefu baada ya kufa kwake mwaka 1881 alisahauliwa. Hakuacha shule, na kwa maoni yetu hiyo ni sababu moja. Nyingine kila msomaji ataijua.

Bibi Florence alirejea kwao Agosti 1856, akisafiri kwa jina la Bibi Smith ili kukwepa ngoma na matarumbeta. Alikuwa amekonda kwa homa iliyompata Crimea, na maradhi hayo yalimweka chumbani kwa sehemu kubwa ya maisha yaliyobaki. Wakati huo taifa zima lilimwita mwokozi wa askari. Yeye mwenyewe alikuwa bado akiamini kwamba walikufa kwa chakula kibaya na kwa kuletwa hospitali wakiwa wamechelewa. Ndipo akaketi na Daktari William Farr, bingwa wa hesabu za vizazi na vifo, wakazipanga hesabu za jeshi mwezi kwa mwezi. Tarakimu zikamwambia jambo ambalo hakuna mtu aliyethubutu kumwambia: hospitali aliyoitumikia usiku na mchana ilikuwa yenyewe ikiua. Mifereji haikuwa chini ya mamlaka yake, na hatuoni haki kumlaumu. Lakini angaliweza kunyamaza, akala heshima yake kwa amani. Badala yake alichora picha za duara zenye rangi, buluu kwa waliokufa kwa maradhi yanayozuilika, nyekundu kwa majeraha, nyeusi kwa sababu nyingine, ili hata waziri asiyependa hesabu aone kwa jicho moja jinsi buluu ilivyoyameza mengine. Mwaka 1858 Chama cha Takwimu cha London kilimwingiza kuwa mwanachama wake wa kwanza wa kike.

Wananchi walikuwa wamechanga zaidi ya pauni 40,000 kwa heshima yake. Hakujijengea nyumba. Mwaka 1860 fedha hizo zilifungua shule ya wauguzi katika Hospitali ya St Thomas, London, ikiwa na wanafunzi 15. Mpasuaji mmoja mkubwa wa hospitali hiyo hiyo alikuwa amekwisha kuandika kwamba muuguzi hahitaji kufundishwa zaidi ya mtumishi wa nyumbani. Wanafunzi walisoma mwaka mmoja, wakapewa chakula, malazi, sare na pauni 10. Walijifunza wodini chini ya masista, wakasikiliza mafundisho ya madaktari, na matroni, Bibi Wardroper, akaandika daftarini habari za kazi na mwenendo wa kila mmoja. Neno lililokuwa jipya ni hili: mwanamke angefundishwa na wanawake wenzake, chini ya matroni, na baada ya hapo angetumwa kwenda kufundisha kwingine.

Zaidi ya miaka kumi baadaye alichunguza mambo ya shule ile, akakuta kwamba sifa zilikuwa zimepita ukweli. Mafundisho ya madaktari yalikuwa yamelegea, na daktari aliyepewa kazi hiyo hakuitimiza. Akaweka mwalimu mwingine na sista wa kuwaangalia wanafunzi katika masomo yao, naye akawa akiwaita mmoja mmoja chumbani kwake kuwahoji. Chama chochote chenye matawi kitafahamu kazi hiyo, na jinsi inavyochosha.

Kwa wasomaji wa kijitabu hiki tunadhani habari ya Liverpool ina uzito kupita zote. Mfanyabiashara William Rathbone alifiwa na mkewe, akamwomba muuguzi aliyemtunza aende kuwaangalia maskini majumbani mwao. Alipotaka kuwaongeza wauguzi wa namna hiyo hakuwapata, akamwandikia Bibi Florence, naye akamshauri aanzishe shule huko huko Liverpool. Mwaka 1865 Agnes Jones, aliyefundishwa St Thomas, aliingia na wauguzi 12 katika hospitali ya mafukara ya mji huo, mahali palipokuwa na wagonjwa zaidi ya elfu moja waliouguzwa na mafukara wenzao. Aliisafisha na kuitengeneza kwa muda usiotimia miaka mitatu, kisha mwaka 1868 akafa kwa homa aliyoambukizwa humo, akiwa na umri wa miaka 35. Mwaka ule ule Lucy Osburn na wenzake watano walifika Sydney, Australia, kufanya kazi kama hiyo.

Katika uzee wake alipinga jambo moja, nasi hatukubaliani naye. Wauguzi wengine walitaka Serikali iweke orodha ya wote waliofuzu mtihani. Yeye alisema mtihani haupimi moyo wala mkono. Ni kweli; lakini mgonjwa aliye mji wa ugenini atamjuaje aliyefundishwa na asiyefundishwa? Uingereza ilipitisha sheria ya orodha hiyo mwaka 1919, yeye akiwa amekwisha kufa.

Mwaka 1907 alitunukiwa Nishani ya Ustahili, mwanamke wa kwanza kuipata. Macho yalikuwa yamepotea. Alifariki London tarehe 13 Agosti 1910, mwenye miaka 90. Serikali ilikuwa tayari kumzika katika kanisa la Westminster walimozikwa wafalme, lakini jamaa zake, kwa kufuata matakwa yake, walikataa. Masajini sita walilibeba jeneza mpaka kanisa la kijiji cha East Wellow, wakamzika pamoja na wazazi wake, wale waliomkatalia. Juu ya jiwe, kwa upande wake, waliandika herufi mbili za jina lake, na miaka ya kuzaliwa na kufa.