Alfred Binet, Mpima Akili za Watoto

Twapenda kuwapasha wasomaji wetu habari za Bwana Alfred Binet, aliyezaliwa mjini Nice, Ufaransa, mwaka 1857. Mwaka 1904 serikali ilimwita yeye na wenzake watafute njia ya kuwatambua watoto washindwao na masomo, wasije wakaondolewa shuleni bila kupimwa, bali wapate mafundisho yawafaayo. Mwaka 1905 yeye na daktari Théodore Simon walitoa majaribio 30, kuanzia mepesi hata magumu. Walakini Binet alikana kwamba akili ya mtoto haiongezeki, alitaka izoezwe. Alifariki mwaka 1911. Baadaye wengine huko Marekani walivitumia vipimo hivyo kuwahukumu watu. Basi sisi, wazazi na walimu, tumpimapo mtoto, tumpime ili tumsaidie, wala si ili tumtupe.