Viktor Chukarin: Mateka Aliyegeuka Bingwa

Wahenga walinena kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kwa mwanajimnastiki, koleo hilo ni mwili wake, na mwili wa Viktor Chukarin ulivunjwa na vita.

Chukarin alizaliwa Ukraine mwaka wa 1921. Nyota yake ya jimnastiki ilikuwa ndiyo kwanza inachomoza Ujerumani ilipouvamia Muungano wa Kisovieti mwaka wa 1941. Alikwenda vitani, akatekwa, na kwa miaka kadhaa akahamishwa kutoka kambi moja hadi nyingine, ikiwemo Buchenwald, ambako maelfu waliangamia. Vita vilipokoma mwaka wa 1945, alikuwa na uzani wa kilo 40 hivi. Yasimuliwa kwamba mamake mzazi hakumtambua hadi alipoliona kovu kichwani mwake.

Chukarin aliujenga upya mwili huo hatua kwa hatua. Mwaka wa 1952 mjini Helsinki, katika Michezo ya Olimpiki ya kwanza kwa taifa lake, alitwaa nishani 4 za dhahabu na 2 za fedha akiwa na umri wa miaka 30. Mwaka wa 1956 mjini Melbourne, alilihifadhi taji la bingwa wa jumla kwa kumpiku Takashi Ono wa Japani kwa alama 0.05 tu.

Baada ya kustaafu aliwafunza vijana mchezo huo mjini Lviv, alikofariki mwaka wa 1984. Alikuwa ameshinda nishani 11 za Olimpiki, 7 zikiwa za dhahabu, zote baada ya kambi.