Duke Kahanamoku: Bingwa wa ubao mkubwa aliyeokoa watu wanane baharini

JUNI 14, 1925, boti ya uvuvi iitwayo Thelma ilipigwa na mawimbi makubwa na kupinduka karibu na mlango wa bandari ya Newport, California. Duke Kahanamoku alikuwa ufukweni na wenzake. Alilala juu ya ubao wake, akapiga maji kwa mikono hadi penye ajali, akarudi na watu, kisha akaenda tena na tena. Aliokoa watu wanane. Wenzake wakaokoa wanne. Wengine walikufa maji.

Mbao za enzi hizo zilikuwa ndefu na nene kiasi cha kubeba zaidi ya mtu mmoja. Baada ya siku hiyo, waokoaji wa fukwe za Marekani walianza kuuona ubao kama kifaa cha kazi.

Kahanamoku alizaliwa Honolulu, Agosti 24, 1890, Hawaii ikiwa bado ufalme. Kabla hajatimiza miaka mitatu, Malkia Liliuokalani alipinduliwa, na mwaka 1898 visiwa hivyo vikatwaliwa na Marekani. Mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi ulikuwa umefifia, baada ya wamisionari kuubeza kwa miaka mingi.

Zamani machifu walikuwa na ubao wao mrefu, olo. Kahanamoku aliurudisha. Wake ulikuwa na urefu wa futi 16, yaani karibu mita tano, na uzito wa kilo 52 hivi, bila pezi chini. Ubao wa namna hiyo hulidaka wimbi mapema, kabla halijavunjika, na huenda mbali. Lakini kuugeuza ni shughuli, na ukimponyoka mwenyewe ni hatari kwa kila aliye mbele. Mwaka 1917, pwani ya Waikiki, inasimuliwa kwamba alipanda wimbi moja kwa zaidi ya kilomita moja na nusu.

Dunia ilimjua kwanza kwa kuogelea. Mwaka 1911 alivunja rekodi ya yadi 100 katika bandari ya Honolulu kwa tofauti ya sekunde zaidi ya nne, na wakubwa wa mchezo huko bara wakakataa kuamini. Jibu lilipatikana Stockholm mwaka 1912, kwa dhahabu ya mita 100. Alirudia Antwerp mwaka 1920. Katikati ya safari hizo aliwaonyesha Waaustralia mchezo wake katika ufukwe wa Freshwater, kwa ubao aliouchonga hukohuko.

Medali hazikumtajirisha. Aliwahi kufanya kazi katika kituo cha mafuta, kisha akachaguliwa sherifu wa Honolulu mara nyingi mfululizo. Alifariki Januari 22, 1968, na majivu yake yakamwagwa baharini, Waikiki.

Sanamu yake ilisimamishwa hapo mwaka 1990, ubao mrefu nyuma yake. Imeipa bahari mgongo, na wapo Wahawaii walionung'unika: mtu wa mawimbi hafanyi hivyo.