Mkwawa: Mtwa wa Wahehe ambaye fuvu lake lilivuka bahari

Mtazamaji wa tamthiliya za mambo ya ajabu katika televisheni hashangai akiona jiwe linasema, au fuvu linatafutwa kutoka bara moja hadi jingine. Iringa inacho kisa cha namna hiyo, na sehemu yake kubwa imo katika maandishi ya serikali. Ni kisa cha Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe.

Mkwavinyika, ambaye jina lake hutafsiriwa kuwa mtekaji wa nchi nyingi, alizaliwa Luhota yapata mwaka 1855. Baba yake, Munyigumba, alifariki dunia mwaka 1879, na kijana huyo akashika utawala baada ya mapambano makali ya kuwania urithi.

Alijenga ngome ya mawe Kalenga na kupanua himaya yake. Majirani zake Wasangu, ambao nchi yao leo imo mkoani Mbeya, walikuwa mahasimu wa muda mrefu, na mtawala wao Merere baadaye alichagua kushirikiana na Wajerumani.

Agosti 17, 1891, huko Lugalo, mashujaa wa Mkwawa waliushambulia ghafla msafara wa Kijerumani wa Emil von Zelewski, aliyefahamika kwa jina la Nyundo. Kamanda huyo aliuawa pamoja na askari zaidi ya 200. Bunduki na mizinga iliangukia mikononi mwa Wahehe.

Wajerumani walirudi na mizinga, na Oktoba 30, 1894 Kalenga ilianguka. Mkwawa alitoroka, akaendesha vita vya msituni kwa karibu miaka minne, huku zawadi ya rupia 5,000 ikiwa imetangazwa kwa atakayempata.

Masimulizi ya wenyeji yanayazingira maisha yake kwa mambo ya ajabu. Mjini Iringa lipo jiwe la Gangilonga, yaani jiwe linaloongea kwa Kihehe, ambako inasimuliwa kuwa Mtwa alikwenda kutafakari na kupata habari za ujio wa adui. Msomaji ana hiari ya kuamini au kutoamini.

Julai 19, 1898, akiwa amezingirwa Mlambalasi, alijipiga risasi ili asikamatwe hai. Sajenti Merkl alimkuta amekwisha kufa. Kichwa chake kilikatwa na baadaye kupelekwa Ujerumani.

Hapo ndipo kisa kinapovuka mipaka ya kawaida. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliohitimisha Vita Kuu ya Kwanza, uliitaka Ujerumani, katika kifungu chake cha 246, ilikabidhi fuvu hilo kwa Uingereza ndani ya miezi sita. Miezi ikapita, kisha miongo, bila fuvu kurejeshwa.

Mwaka 1953 Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda katika jumba la makumbusho la Bremen, lililokuwa na mafuvu yapatayo 2,000, kati yake 84 yakitoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Vipimo vililinganishwa na vya vichwa vya ndugu wa Mtwa, na fuvu moja lenye tundu la risasi likachaguliwa.

Fuvu hilo lilikabidhiwa Kalenga mwaka 1954, mbele ya mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge.

Hata hivyo, baadhi ya wanahistoria wametilia shaka kama kweli ni fuvu lenyewe, kwa kuwa kufanana kwa vipimo si uthibitisho kamili. Kwa Wahehe wengi, shaka hiyo haijapunguza uzito wa tukio. Walichodai kwa zaidi ya nusu karne ni heshima ya mtu wao, na siku ile waliirudisha nyumbani.

Leo kaburi lake liko Mlambalasi na fuvu limehifadhiwa Kalenga, mwendo wa makumi ya kilomita kati yake. Ukitoka Mbeya kwenda Dar es Salaam, barabara kuu inapita Iringa. Anayependa visa vya ajabu hana sababu ya kupita bila kusimama.