Gustav Mie na Hesabu ya Matone

Gustav Mie alizaliwa mwaka 1868 katika mji wa Rostock, kaskazini mwa Ujerumani. Jina lake hutamkwa Mii. Alisoma hisabati na fizikia, na mwaka 1902 akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Greifswald. Kazi iliyomfanya ajulikane haikuanzia katika mvua wala redio. Ilianzia katika dhahabu.

Punje ndogo mno za dhahabu zikitawanywa katika maji, maji hayo hayawi ya manjano. Huwa mekundu, na punje zikiwa kubwa zaidi, huelekea rangi ya buluu. Mie alitaka kujua sababu. Alijua kwamba nuru husafiri kwa mawimbi. Basi akajiuliza: wimbi likikutana na punje ya mviringo kama mpira, hupatwa na nini?

Wakati ule hapakuwa na kompyuta, kwa hiyo alikokotoa kwa kalamu na karatasi. Mwaka 1908 alitoa jibu lake. Sehemu ya wimbi humezwa na punje na kugeuka joto. Sehemu nyingine hutawanywa pande zote. Sehemu iliyobaki huendelea na safari, lakini ikiwa imedhoofika. Kiasi kinachopotea hutegemea punje ni ya kitu gani, na ukubwa wake ukilinganishwa na urefu wa wimbi.

Sasa fikiri: mawimbi ya redio ni ndugu wa nuru, ila ni marefu zaidi. Na tone la mvua ni nini, kama si punje ya maji? Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, rada zilitumia mawimbi mafupi kutafutia ndege na meli. Ilikuwa lazima kujua mvua ingeyadhoofisha mawimbi hayo kwa kiasi gani. Mwingereza J. W. Ryde akaitumia hesabu ya Mie kwa matone ya mvua, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1946.

Tone kubwa la mvua lina upana wa milimita 5 hivi. Wimbi la redio lenye urefu wa mita 300 hulipita tone hilo kama wimbi la bahari lipitavyo kijiti. Lakini wimbi la sentimita 2 au 3, kama lile lipokewalo na dishi la televisheni, hupunguzwa nguvu na kila tone. Ndiyo sababu picha hukatika mvua kubwa inaponyesha.

Mafundi wa minara ya mawasiliano hukadiria upotevu huo kabla ya kujenga. Kwanza hupima mvua ya mahali hapo ni milimita ngapi kwa saa. Kutokana na kipimo hicho hukadiria wingi na ukubwa wa matone. Kisha hukokotoa nguvu itakayopotea katika kila kilomita. Upotevu ukiwa mkubwa, huisogeza minara karibu karibu au huongeza nguvu ya mawimbi. Nchi za joto hupata mvua nzito, kwa hiyo vipimo vya mvua ya Ulaya havitoshi kwetu. Ni lazima tupime mvua yetu wenyewe.

Mie alifariki mwaka 1957 katika mji wa Freiburg, akiwa na umri wa miaka 88. Alitafuta sababu ya rangi ya maji yenye dhahabu, na jibu lake likawafaa watu wengi. Nawe usidharau swali dogo; lichunguze mpaka mwisho.

Kazi yako: Weka uwanjani kopo lililonyooka kando zake wakati wa mvua. Baada ya nusu saa, pima kina cha maji kwa rula. Je, mvua hiyo ni milimita ngapi kwa saa?