Dakta Robert Angus Smith, Mpimaji wa Mvua

Muhula huu sisi wanafunzi wa Kemia wa Kidato cha Nne tulitumwa na Mwalimu wetu kwenda mjini kuchunguza hewa. Tulichukua kadi nyeupe sita, tukazipaka mafuta ya mgando, tukazitundika mahali mbalimbali kwa muda wa siku saba ili zinase vumbi na masizi. Lakini kabla sijaeleza tuliyoyaona, napenda kuwasimulia wasomaji habari za bwana mmoja aliyefanya kazi ya namna hii zamani sana, kwani maisha yake yalinifundisha jambo ambalo kadi zile peke yake zisingalinifundisha.

Robert Angus Smith alizaliwa mwaka 1817 huko Pollokshaws, karibu na mji wa Glasgow katika nchi ya Scotland. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Glasgow kwa nia ya kuwa mchungaji wa kanisa, lakini aliacha kabla ya kumaliza, akawa mwalimu wa kufundisha majumbani mwa watu. Baadaye alifika Ujerumani, na huko katika mji wa Giessen alijifunza Kemia kwa Profesa Justus von Liebig, aliyekuwa na sifa kubwa katika Ulaya nzima. Alipata shahada ya udaktari mwaka 1841.

Aliporudi, alikwenda kukaa Manchester, Uingereza. Mji huo ulikuwa na viwanda vingi vya nguo za pamba, na mitambo yake iliendeshwa kwa makaa ya mawe. Dohani zilitoa moshi mchana kutwa. Watu walilalamika, lakini kulalamika si kupima. Dakta Smith alikinga maji ya mvua mjini, pembezoni mwa mji na mashambani, akayachunguza kwa vipimo vya Kemia. Mwaka 1852 alieleza aliyoyapata: mashambani mbali na mji mvua haikuwa na asidi, lakini mtu alipoingia mjini aliikuta asidi ya salfuriki, iliyotokana na salfa iliyomo katika makaa ya mawe. Asidi hiyo ndiyo iliyopausha rangi za nguo na kuliza vyuma kutu.

Basi, huko Uingereza kulikuwa na viwanda vingine vilivyogeuza chumvi kuwa magadi ya kutengenezea sabuni na kioo. Viwanda hivyo vilitoa gesi ya asidi iliyokausha miti na mazao ya majirani. Mwaka 1863 Bunge lilipitisha sheria iliyowataka wenye viwanda hivyo kuzuia sehemu 95 katika kila sehemu 100 za gesi hiyo, na Dakta Smith akawekwa kuwa Mkaguzi wa kwanza, akiwa na wasaidizi wanne.

Hapo ndipo tabia yake ilipoonekana. Alikuwa na uwezo wa kuwapeleka watu mahakamani, lakini alifanya hivyo kwa nadra. Aliingia viwandani, akapima, akawaonyesha wenyewe namna ya kuipitisha gesi katika mnara uliotiririshwa maji, ili maji yaimeze kabla haijatoka. Wako waliomlaumu kwamba ni mpole mno. Hata hivyo viwanda vingi vilitimiza kipimo kile, kwa kuwa kila mwenye kiwanda aliona kwa macho yake tarakimu za moshi wake mwenyewe.

Lakini sheria ile haikugusa moshi wa makaa ya mawe, na mvua ya Manchester ikabaki na asidi yake. Dakta Smith hakuacha kupima. Mwaka 1872 alitoa kitabu kinene juu ya hewa na mvua, na yeye ndiye anayesifiwa kuwa mwanzilishi wa jina la mvua ya asidi. Alifariki mwaka 1884. Kazi yake ilisahauliwa na wengi mpaka miaka ya 1960, mvua ya asidi ilipoanza kuwashughulisha sana wataalamu wa nchi za kaskazini ya Ulaya.

Sasa narudi kwenye kadi zetu. Tano tuliziweka mjini: stendi ya mabasi, sokoni, kando ya barabara kuu, karibu na mashine ya kusaga na penye majumba ya watu. Ya sita ilibaki mkononi mwangu, nami kwa mzaha nikaitundika jikoni kwetu shuleni. Sote tuliamini kwamba kadi ya stendi ndiyo itakayokuwa nyeusi kuliko zote. Siku ya saba tulishika kioo cha kukuzia tukahesabu chembe. Ya stendi ilihesabika. Ya jikoni haikuhesabika; ilikuwa nyeusi tupu. Jiko letu lapikia kuni, wala halina dohani, na wapishi wetu huingia humo kabla ya alfajiri.

Nakiri kwamba mimi ndimi niliyeshauri tuifiche kadi ile, tupeleke tano tu, isije ikatuaibisha mbele ya Mkuu wa Shule. Usiku ule nilisoma habari za Dakta Smith, nikaona haya. Nyani haoni kundule. Tungewezaje kuhesabu moshi wa mabasi ya watu, na moshi unaotupikia uji wetu tukaufumbia macho?

Asubuhi tulipeleka kadi zote sita. Mkuu wa Shule aliitazama ya sita kwa muda mrefu, kisha akaongozana nasi mpaka jikoni, akasimama ndani mpaka macho yakamtoka machozi. Dohani bado haijajengwa. Lakini tumepewa ruhusa ya kutundika kadi nyingine kila muhula, na tunawaomba watakaotufuata wasiache kuhesabu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne